Sadaka ya mwalimu si bajeti ya Leta



Kila tarehe 30 mwezi wa ine inchi yetu inafanya sikukuu ya masomo. Mnajua namna inapita. Hotuba, wimbo wa taifa, kiisha mkubwa mmoja anashika mikro na kusema mwalimu ni mshumaa unaowaka kusudi wengine waone njia. Watu wanapiga makofi. Mwaka mwingine kunakuwa na kitenge cha sikukuu, chenye mwalimu anajilipia mwenyewe. Halafu mkubwa anapanda gari, na mwalimu anarudi kwake kwa miguu.

Mshumaa ukiwaka unaisha. Sijui kama wanaopenda ule mfano wamewahi kuuwaza mpaka mwisho wake.

Sisi pia tunataka kusherehekea walimu, na tunataka kushinda wao. Lakini tutasherehekea kwa kusema waziwazi kile walimu wanafanya, na kusema pia nani anakula faida ya ile kazi bila kuilipa. Na hatutazungumza juu ya walimu wa primeri na sekondari peke yao. Leo tunawaza zaidi walimu wa vyuo vyenye hotuba hazitaji kabisa: ISP, ISTM, ISC, ISDR, ISTA. Watu wakisikia masomo ya juu wanafikiri maprofesa wa toga na kofia. Wanasahau kwamba mtoto wa muuza makala, mtoto wa askari, mtoto wa mama anayeuza sambaza Kadutu, yeye njia yake inapita kwenye hivi vyuo vidogo vya karibu, vyenye anaweza kufika kwa miguu na vyenye minervali yake familia inaweza kujaribu kulipa kidogo kidogo. Na ISP njo inatoa walimu wa sekondari. Kila kitu kinachooza pale leo, kitaonekana kesho mbele ya ubao katika kila komini na kila kijiji.

Basi tuanze na asistanti, juu yeye njo hajulikani.

Kwenye karatasi, asistanti anasaidia profesa: anaongoza mazoezi, anasahihisha, anajifunza kazi kusudi siku moja apande kuwa shefu wa travo na kiisha profesa. Lakini wenye kusomea mbali na Kinshasa wanajua vile inakuwa kweli. Profesa ni mgeni. Anafika siku ya kwanza ya juma, somo la masaa 45 analimaliza katika siku tano, asubuhi mpaka jioni, halafu anaenda kuanza lingine katika mji mwingine. Hatumlaumu, wako wachache na inchi ni kubwa. Ila nani anabaki na wanafunzi 200 ambao kichwa kinawazunguka? Asistanti. Yeye njo anarudilia somo lote pole pole, na mifano ya hapa kwetu. Yeye njo anasahihisha. Yeye njo anasoma memwari yako sura kwa sura, pamoja na ile sura ya pili uliyoiba kwa mwenzako, na anakurudishia akisema: anza tena, hii si sauti yako.

Tulikuwa na asistanti mmoja wa Kifaransa. Jina lake hatulitaji, na jina la chuo pia hatulitaji. Miaka yote tuliyosoma pale, hakupata hata franka moja ya Leta. Hakuwa na matrikule. Asubuhi alifundisha katika sekondari moja, mchana alikuwa na sisi, jioni aliuza unite za simu kwenye kibanda karibu na barabara. Tulizoea kumkuta pale na rundo la karatasi zetu mbele yake, kalamu nyekundu mkononi, mteja akifika anaweka kalamu, anauza, anarudi kwenye karatasi. Kwenye kila karatasi aliandika kitu pembeni. Si pointi tu, maneno. Kwa mmoja wetu aliandika: «Unaelewa kuliko unavyoandika. Rudilia.» Yule mwenzetu amechunga ile karatasi mpaka leo, na amekimbia vita nayo.

Kulikuwa pia mama mmoja wa biolojia, shefu wa travo, mwenye daftari ya jalada la buluu. Ndani yake aliandika majina ya wale waliokosa mara tatu. Hakuna ofisi ya chuo iliyomwomba kufanya hivyo. Mwanafunzi akikosa mara tatu, alipiga simu, kwa unite zake. Akikuta simu imefungwa, aliuliza wenzake wanaishi wapi. Wasichana wawili wa promosio yetu waliacha masomo juu ya mimba. Mama alienda mpaka kwao, akazungumza na wazazi, akasema mtoto anaweza kuzaliwa na masomo yakaendelea, tena wamlete mtoto darasani kama hakuna wa kumchunga. Mmoja alirudi na akamaliza. Mwingine hapana. Mama hakumfuta kwenye daftari.

Katika inchi zingine kazi kama ile ina ofisi, bajeti na watu wanaolipwa kila mwezi kufuata mwanafunzi asipotee njiani. Hapa ofisi ni daftari ya mama mmoja.

Wakati mtu anasema «walimu wetu wanajitoa sana», sisi tunajibu: kweli, na njo hapo ubaya unaanzia. Juu ile sadaka imekuwa bajeti. Leta imehesabu. Imeona kwamba mwalimu asipolipwa analia, anagoma mwezi mmoja, mwishowe anarudi, kwa sababu anaona huruma kwa watoto. Na ikaandika ile huruma kwenye hesabu zake kama feza iliyokwisha kuingia. Chuo kinafunguliwa, kinapata wanafunzi, kinaingia kwenye listi ya vyuo vya Leta, gavana anapiga nacho picha, na ndani yake kuna watu wanaofundisha bila jina lao kuwa mahali popote pa malipo. Miaka mitano. Miaka kumi. Tunawajua walio na zaidi.

Haikuanza jana. Mwaka wa 1971 Mobutu alikusanya vyuo vikuu vyote pamoja na vyuo hivi vya ualimu na vya ufundi chini ya jina moja, UNAZA, kusudi avishike vizuri, juu wanafunzi walikuwa wamemsumbua. Damu ya wanafunzi wa tarehe 4 Juni 1969 Kinshasa ilikuwa bado haijakauka. Mwaka wa 1981 vikaachanishwa tena. Kiisha ikafika miaka ya tisini: inchi imeanguka, mishahara ya walimu imekuwa karatasi, shule zimefungwa kwa mgomo. Wazazi wakaombwa kutoa kitu kidogo kusudi mwalimu asife njaa. Wakakiita primu. Ilisemwa ni ya muda tu. Wengi wetu tulizaliwa katika ule muda, tukasoma ndani yake kuanzia primeri, tukatoka na diplome, na bado haujaisha.

Mwezi wa tisa 2019, masomo ya primeri yakawa ya bure katika shule za Leta, vile Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006 kilikuwa kimesema tangu zamani. Tuliunga mkono, na tunaunga mkono mpaka leo. Mtoto hafukuzwi tena juu ya primu ya baba yake kukosa. Lakini walioondoa primu walijua kwamba kuna maelfu ya walimu ambao primu njo ilikuwa mshahara wao wote, wale wanaoitwa NP, wasiolipwa. Wamepewa jina, wamepewa herufi mbili, na malipo yakabaki kusubiriwa.

Katika masomo ya juu hakuna bure. Hapo mwanafunzi njo anamlipa mwalimu, kwa mzunguko: analipa kwenye kesi ya chuo, chuo kinakata, kinachobaki kinagawanywa kama primu ya pale pale kwa wale ambao Leta haiwajui. Mwone inazaa nini. Siku ya egzame, asistanti anawekwa mlangoni mwa oditwari kuangalia makaratasi ya malipo. Mwanafunzi ambaye mama yake hakuuza juma lile anarudishwa. Anamchukia asistanti. Asistanti naye anajua kwamba kama wengi hawalipi, mwezi ule kwake hawatapika. Watu wawili maskini wanagombana mlangoni, na mwenye deni hayupo hata karibu.

Halafu vita. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari iliyofuata. Benki zikafunga milango. Hata mwalimu aliyekuwa na matrikule akawa na mshahara wenye hawezi kugusa. Aliyeupitisha kwenye simu alikatwa sehemu na mwenye kumpa feza mkononi, na kule kukatwa hakuna aliyemrudishia. Na pamoja na hayo, shule zilipofunguliwa tena, tuliona nani alifika wa kwanza na chaki. Hotuba za Kinshasa zilisema ni mashujaa. Tunauliza: mashujaa wanakula saa ngapi?

Tunajua neno litakalofuata, juu tumelisikia tangu tukiwa wadogo: «Ualimu ni wito.» Sawa. Na ubunge ni nini? Mbunge akisimama kwenye kampeni anatuambia Mungu amemwita kutumikia watu wake. Ila wito wa mbunge unalipwa, tena kwa dola, na hatujawahi kusikia kwamba alisubiri matrikule miaka kumi. Tarehe 5 Oktoba, siku ya walimu duniani, ilichaguliwa kwa kukumbuka maandiko ya UNESCO na Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1966. Mule ndani hakuna mshumaa. Mnasemwa kwamba malipo ya mwalimu yanapaswa kumwezesha yeye na jamaa yake kuishi maisha yanayofaa. Mwaka 1997 wakaandika mengine kwa ajili ya walimu wa masomo ya juu. Wanaosherehekea ile siku kila mwaka waende wasome kile wanachosherehekea.

Sasa tuseme pia lile ambalo wengine wangependa tulinyamazie, juu tukilinyamazia mtasema tunapamba.

Si kila anayesimama mbele ya ubao tunamsherehekea. Kuna anayeuza silabusi, na listi ya walionunua inatembea pamoja na listi ya pointi. Kuna anayempa msichana namba ya chumba badala ya namba ya ukurasa. Mnawajua, nasi tunawajua. Wakishikwa wanasema: «Mnataka tuishi na nini? Hatulipwi.» Hapana. Yule asistanti wetu wa Kifaransa naye hakulipwa, na hakuuza kitu zaidi ya unite za simu. Mama wa daftari hakuomba kitu. Umaskini unaeleza mambo mengi, lakini haufuti deni la msichana aliyerudilia mwaka kwa sababu alikataa. Tena anayeuza pointi anamuibia mwenzake mwaminifu mara mbili: anachafua jina la kazi, na anampa Leta kisingizio cha kusema hawa watu wanajua kujipanga. Uongozi wa chuo ukijua na ukinyamaza, tutauhesabu pamoja naye.

Na kwa wale wanaotuandikia: «Ninyi wenyewe muko na diplome na muko shomeri, masomo yamewasaidia nini?» Swali ni la haki. Wengi kati yetu wamemaliza miaka miwili, mitatu iliyopita. Tunapeleka barua, tunabeba mchanga, tunaendesha moto ya mtu, tunalala kwa wazazi na miaka 25. Lakini angalieni vizuri ukosefu wetu wa kazi unatoka wapi. Katika masekondari na vyuo kuna wazee wenye umri wa kupumzika tangu zamani. Hawaondoki, kwa sababu wakiondoka hakuna kiinua mgongo wala pansheni ya kuwalisha, kwa hiyo wanafundisha mpaka wanaanguka. Nyuma yao kuna asistanti wa miaka 40 anayesubiri nafasi yao. Nyuma ya asistanti tuko sisi. Ni foleni moja, na imefungwa mbele. Anayetuambia tumlaumu mwalimu wetu anataka wa nyuma ampige wa mbele.

Tena hatuko bila kitu. Tuko bila kazi, ndiyo. Lakini tunajua kusoma sheria ya bajeti, tunajua kuandika barua ambayo waziri hawezi kusema hakuielewa, tunajua kuhesabu. Kuna waliotufundisha hayo bila kulipwa. Deni lao liko juu ya Leta, na liko kidogo juu yetu pia.

Kwa hiyo mwaka huu hatutaenda kupiga makofi. Tutafanya hivi.

Mbele ya tarehe 30, katika kila chuo ambapo tuko na watu, tutatengeneza listi: walimu wangapi wanafundisha kweli, wangapi wana matrikule, wangapi wanalipwa, tangu mwaka gani. Hesabu tu, bila majina, ila kwa mwalimu anayetaka jina lake lionekane. Tutabandika ile listi kwenye valve, pale pale panapobandikwa matokeo ya delibe. Wanafunzi wamezoea kutafuta jina lao pale na moyo ukipiga. Safari hii watasoma matokeo ya Leta. Nakala moja itaenda kwenye wizara ya masomo ya juu, nyingine kwenye wizara ya bajeti, na tunaomba mambo mawili tu kwanza: tarehe ya kuingiza wasiolipwa kwenye listi ya malipo, na tarehe ya kuwaacha wazee wapumzike na chao mkononi. Tarehe, si ahadi. Ahadi tuko nazo za kutosha kufunga sambaza.

Jambo la pili. Tangu Jumamosi inayofuata, wale kati yetu waliomaliza tutakaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Mwaka wa kwanza njo wengi wanapotelea: wametoka sekondari ambako hawakuona laboratwari hata moja, Kifaransa cha silabusi kinawashinda, na wanaona aibu kuuliza. Tutasoma nao silabusi, tutawaonyesha namna ya kuandika notsi, namna ya kuomba rekuru wakiona pointi zao zimekosewa, na haki yao ni ipi mtu akiwadai kitu kisichokuwa kwenye karatasi ya malipo ya chuo. Mwenye mtoto alete mtoto.

Mtatuambia: si hii njo sadaka ile ile mnayoilaumu? Tumebishana juu yake usiku mzima, na kuna waliosema tusifanye. Tumekubaliana hivi: kila saa itaandikwa, nani alifundisha, nani alikuwepo, somo gani. Mwisho wa kila mwezi tutageuza yale masaa kuwa fakitire na kuipeleka kwenye wizara, na mhuri wa kuipokea tutauomba. Hatutegemei watulipe. Tunataka tu iwe imeandikwa mahali kwamba ile kazi ilifanyika, ilikuwa na bei, na kwamba nani alikataa kuilipa. Kama Leta ingekuwa imepokea fakitire kutoka kwa yule mama wa daftari kila mwezi tangu alipoanza, leo ingekuwa vigumu kidogo kumwita mshumaa.

Neno kwa wenzetu walio Goma, Bukavu na sehemu zingine zinazoshikiliwa na M23: hatuwaombi kubandika kitu wala kusimama barabarani. Mnajua kushinda sisi kile kinachowezekana na kile kinachoua. Kusoma watu watano ndani ya nyumba kunatosha. Masaa yenu yaandikeni, tutayaweka kwenye fakitire bila jina la mtu wala la mtaa.

Na kwa wote wanaotaka kututumia habari za mwalimu aliyewasaidia: andikeni alichofanya, mahali na mwaka. Jina lake msilitume mpaka mmemuuliza yeye mwenyewe, juu kuna wakubwa wa vyuo ambao wakisoma kwamba fulani hana mshahara, wanamwonea yule aliyesema. Listi za hesabu tunazipokea mpaka tarehe 27 jioni. Wanaokuja Jumamosi wabebe daftari na, kama wanaweza, vipande viwili vya chaki.